Mtahiniwa wa Asubuhi

Jumanne, 1 Julai 2025. Nachingwea.

Saa nne asubuhi meneja wetu, Bwana Alfred, alibandika tangazo kwenye mlango wa ghala. Kampuni itamgharamia mfanyakazi mmoja kusoma stashahada ya usimamizi katika chuo cha biashara huko Dar es Salaam. Akihitimu, atakuwa meneja wa ghala jipya la Ruangwa. Mmoja tu! Atakayepata alama za juu katika mtihani wa kujiunga ndiye atakayekwenda. Mtihani utafanyika Ruangwa tarehe 19. Ukomo wa umri ni miaka arobaini.

Nina miaka arobaini. Septemba nitakuwa na arobaini na moja. Ni mwaka huu, au nife nikiwa mkaguzi wa ubora wa ufuta.

Nimejitathmini bila upendeleo. Kwa miaka kumi na sita nimechoma magunia kwa bambo, ule mkuki wa chuma wenye mfereji unaotoa punje katikati ya gunia bila kulifungua, na kwa punje zilizomo kiganjani nimetamka kiasi cha mchanga uliomo katika gunia zima. Nimekosea mara tatu. Mara zote tatu mizani ilikuwa mbovu.

Mpinzani wangu ni Dastani, mtunza stoo. Mtu wa Mbinga, ana miaka thelathini na mitatu, hufanya hesabu huku akipiga mluzi. Leo alitangaza mbele ya vibarua kwamba mzee wa bambo aanze mapema kujizoeza kumwita bosi. Vibarua walicheka. Nimeandika majina yao.

Mchana nilimhoji Felomena, mwenye steshenari ya karibu na stendi, ambaye aliwahi kufanya mtihani huo. Asema hufanyika kwa kompyuta, kwa mikupuo miwili, asubuhi na alasiri. Asema pia kwamba maswali ya mikupuo yote miwili ni yaleyale, ila yamechanganywa mpangilio.

Nimelitafakari hili hadi jua kuzama. Atakayefanya asubuhi kisha akafanya tena alasiri hawezi kushindwa. Kikwazo ni kimoja: mtu mmoja haruhusiwi kufanya mara mbili.

Kwa hiyo itabidi niwe watu wawili.


Alhamisi, 3 Julai.

Jambo limekamilika. Nalieleza hapa kwa utaratibu.

Mimi ni Mudrik. Sikuzaliwa Mudrik. Nilizaliwa Lukumani. Kwetu mvulana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la utotoni huachwa kulekule. Mtu mzima akiitwa jina lake la kabla ya jando, hilo ni tusi. Nimeshuhudia watu wakishikana mashati sokoni kwa sababu hiyo. Mwaka 1994 tulitoka jandoni Ruponda wavulana kumi na wanne. Kumbi, yaani kile kibanda tulimolala wiki sita, kilichomwa moto pamoja na nguo zetu za zamani, nasi tukaamriwa tukimbie bila kugeuka nyuma. Mimi niligeuka. Kidogo tu. Sikuona kitu cha kuandikwa.

Sasa, cheti changu cha kwanza cha kuzaliwa kilitolewa kabla ya jando. Kinasema Lukumani. Ukubwani nilikula kiapo nikapewa cha pili, kinachosema Mudrik. Ninavyo vyote viwili, safi, ndani ya bahasha ya plastiki. Chuo hakitaki zaidi ya cheti cha kuzaliwa, picha, namba ya simu na namba ya mzazi. Mudrik nilimwandikisha jana, mkupuo wa alasiri. Lukumani nimemwandikisha leo, mkupuo wa asubuhi.

Kwa picha ya Lukumani nilivua miwani, nikatabasamu. Felomena alisema hajawahi kuniona nimependeza hivyo, kisha akauliza ni ya nani. Nilimjibu kwamba ni ya mdogo wangu, tunafanana sana. Akashangaa: miaka yote hii, kaka Mudrik, kumbe una mdogo wako! Nilimwambia kwamba familia yetu si ya kujitangaza.

Alipobonyeza kitufe cha kutuma, umeme ulikatika mtaa mzima. Uliporudi, ombi lilikuwa limepokelewa. Hiyo ndiyo huduma bora.


Jumamosi, 5 Julai.

Chuo humpa kila mtahiniwa akaunti ya mazoezi. Leo nilikaa kwenye kompyuta ya tatu ya Felomena nikafanya jaribio la kwanza. Alama hamsini na nne kati ya mia. Swali la tisa lina kasoro, nitawaandikia.

Nikafungua akaunti ya Lukumani ili nifanye jaribio hilohilo kwa mara ya pili. Lilikuwa limekwisha kufanywa. Jana, saa kumi jioni. Alama sitini na moja.

Jana saa kumi jioni nilikuwa ghalani, mbele ya mashahidi ishirini, nikikataa lori zima kwa sababu ya unyevu.

Nilimuuliza Felomena, kwa utulivu, nani ameichezea akaunti. Akasema hakuna aliyeichezea, alikuja mdogo wangu mwenyewe. Mpole, mcheshi. Aliomba kompyuta ya tatu. Nilimuuliza alikuwaje. Kama wewe tu, akasema, mtu mzima kama wewe, ila anacheka, na amekuja pekupeku.

Maelezo yenye mantiki: Dastani ameugundua mpango na amemkodi mtu anitishe. Kazi ya kitoto. Na bado, alama saba zaidi yangu!


Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Sikukuu. Nilikwenda Ruponda kumsalimu Mama. Nilimkuta uani anachambua mbaazi. Hakuitikia salamu yangu ya kwanza wala ya pili. Ya tatu aliitikia huku akinitazama miguuni, kama anayehakikisha kwamba nimevaa viatu.

Ilikuwa hivi. Kwenye fomu ya Lukumani niliandika namba ya Mama. Ijumaa binti wa chuo alimpigia simu kuthibitisha. Alimuuliza: wewe ndiye Mwanawetu, mama yake Lukumani? Mama asema aliiangusha simu ndani ya sufuria ya maji. Imekufa.

Nilimweleza kwamba ni taratibu za ofisi tu. Akaniuliza ni ofisi gani inayowaita watoto walioachwa kwenye kumbi. Nilimweleza kwamba hapakuwa na mtoto aliyeachwa, kwamba mtoto yule ndiye mimi ninayezungumza naye. Akasema wewe ndiye uliyetoka. Sikukuuliza wewe ni nani. Nilikupa uji, ukanywa. Yule mwingine tulimwacha, na kibanda kikachomwa, na jina lake sijalitamka tangu siku ile. Leo umelitia kwenye kompyuta.

Hoja yake ina dosari tatu. Nilianza na ya kwanza. Hakusikiliza.

Wakati wa chakula alipakua sahani tatu. Nilimkumbusha kwamba tuko wawili. Akasema anajua hesabu yake. Tangu Jumamosi kuna mtu anamjazia pipa la maji alfajiri, na hawezi kumnyima chakula mtu anayemtekea maji. Mimi sijawahi kumtekea maji tangu nipate ajira. Sikuona sababu ya kulitaja hilo.

Aliniagiza niende Chinongwe kwa Mjomba Uwesu, ambaye ndiye aliyenipa jina la Mudrik, nikamweleza nilichokifanya. Nimekataa. Nina ratiba ya masomo.


Alhamisi, 10 Julai.

Fedheha! Dastani amenijia ghalani akitabasamu, akanishika bega, akanishukuru. Kwa nini? Kwa sababu ya mdogo wangu. Walikutana jana kwa Felomena, na mdogo wangu amemfundisha uwiano na asilimia kwa kutumia visoda, mpaka ameelewa. Dogo yule ni mtu, alisema. Halafu hana maringo. Hivi nyie mmetoka tumbo moja kweli?

Nilimtazama machoni kwa sekunde kumi. Hakuonekana kuigiza. Kwa hiyo dhana ya mtu aliyekodiwa na Dastani imeanguka. Nimeifuta kwenye daftari kwa rula.

Lililoniuma ni hili: kwamba mtahiniwa niliyemwandikisha mimi, kwa cheti changu, anamfundisha mpinzani wangu! Huo ni usaliti.

Nimechukua hatua mbili. Kwanza, nimebadilisha nywila ya Lukumani. Nimeweka herufi na tarakimu kumi na moja, nilizozichagua nikiwa nimefumba macho. Pili, nimechekecha mchanga laini kutoka kwenye sampuli za ufuta nikaunyunyiza chini ya kiti cha kompyuta ya tatu. Felomena aliuliza kama nina akili timamu. Nilimwambia ni utafiti.


Ijumaa, 11 Julai.

Baada ya sala ya Ijumaa nilipitia steshenari. Nywila yangu mpya haifanyi kazi. Mfumo unasema ilibadilishwa asubuhi na mwenye akaunti. Kwenye orodha ya wazi ya alama, Lukumani ana sabini na nane. Mudrik ana hamsini na sita. Dastani, ambaye wiki iliyopita alikuwa na arobaini, ana sabini na mbili.

Nilipiga magoti chini ya meza nikakagua mchanga. Nyayo zilikuwepo, mbili, zimekaa sambamba, vidole vimefunguka kama vya mtu asiyezoea viatu. Nilipima kwa rula. Sentimita ishirini na moja. Nikapima tena. Ishirini na moja.

Felomena ameapa kwamba aliyekaa pale ni mtu mzima mwenye urefu wangu.

Mtu mzima mwenye nyayo za mtoto wa miaka tisa. Naliandika kama lilivyo. Mchanga nimeuzoa na kuurudisha kwenye sampuli namba 40, kwa sababu ni mali ya kampuni.


Jumapili, 13 Julai. Chinongwe.

Nimekwenda. Si kwa hofu. Kwa ukamilifu wa uchunguzi.

Mjomba Uwesu ni fundi cherehani. Simaanishi kwamba hushona. Hutengeneza vyerehani vilivyokufa, na amezungukwa navyo barazani kama mifugo. Kiswahili chake ni cha kukatakata, hukichanganya na Kimwera akikasirika, na leo alikichanganya sana. Nilimweleza mambo yote kwa mpangilio wa tarehe. Hakuinua macho kutoka kwenye mkono wa cherehani.

Nilipofika kwenye nyayo, aliniuliza: siku ile, mpwa wangu, uligeuka?

Nikasema kidogo.

Aliweka bisibisi chini. Akasema kidogo ni kiasi gani. Swali hilohilo nimewauliza wakulima maisha yangu yote.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Nimelitaja jina mbele ya watu, limeitika. Basi niende mahali nilipolitaja, nilifute kwa mkono wangu mwenyewe, niseme kwamba sina shida nalo. Litarudi lilikokuwa. Lakini lifutwe kabla halijaitwa kwenye mtihani. Likiitwa mbele ya watu wazima likaitika, limekuwa mtu. Na nyumba moja, alisema, haikai watu wawili wenye mama mmoja, kitanda kimoja na kidole kimoja.

Nilimuuliza kitatokea nini ikiwa halitafutwa. Akasema swali hilo nimuulize yule atakayebaki.

Nimeangalia kwenye tangazo. Mwisho wa kufuta maombi ni Jumatano saa sita mchana. Kufuta ni kubonyeza mara mbili tu kwenye ukurasa wa maombi, kwa namba ya cheti. Hata nywila haihitajiki. Nimeamua kwamba nitafuta. Nafsi imetulia.


Jumatano, 16 Julai.

Saa tano na nusu niliketi kwenye kompyuta ya tatu kwa nia safi ya kulifuta jina.

Kabla ya kubonyeza nilitazama alama. Lukumani: tisini na moja.

Nilisimamisha mkono. Niliitathmini hali upya. Nilikuwa nimepanga niamke alfajiri, nifanye mtihani wa asubuhi kwa jina lake, nikariri maswali themanini, kisha nifanye tena alasiri nikiwa nimechoka. Lakini ikiwa Lukumani yupo, na ana bidii hiyo, na atakwenda mwenyewe, kwa nini nijichoshe? Afanye yeye asubuhi. Anipe maswali mchana. Mimi niingie alasiri nikiwa nimelala vizuri. Mjomba ni fundi hodari, lakini hajui mgawanyo wa kazi.

Saa sita ikapita.

Nimemwandikia mkataba wenye vifungu saba. Kifungu cha tatu: Upande wa Pili utamkabidhi Upande wa Kwanza maswali yote kabla ya saa saba mchana. Kifungu cha sita: Upande wa Pili utaacha mara moja kumfundisha Dastani. Kifungu cha saba: baada ya mtihani Upande wa Pili utarudi alikotoka. Nilimwachia Felomena ampe.

Saa kumi na moja nilirudi. Mkataba ulikuwa mezani. Chini yake, kwa penseli, herufi kubwa za duara zenye mikia mirefu kupita kiasi: Sawa kaka. Lakini mimi ninasoma kweli.

Naijua mikia ile. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alinichapa kwa ajili ya mikia ile, mpaka nikaiacha.

Hakusaini kifungu cha saba. Nadhani ni kusahau.


Jumamosi, 19 Julai. Ruangwa.

Nitaandika polepole, kwa sababu leo nimekasirika na mwandiko wangu unadhoofu.

Nilifika Ruangwa saa moja na nusu asubuhi kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chapati, nikiutazama ukumbi uliokodiwa na chuo. Watahiniwa wa asubuhi walipanga foleni. Msimamizi, mama mnene mwenye sauti ya mnada, aliyejitambulisha kuwa ni Madamu Edina, alianza kuita majina.

Aliita: Lukumani!

Sauti ikaitika: nipo!

Ilikuwa sauti yangu, ila haijawahi kukohoa. Watu wote kwenye foleni ile waligeuka kumtazama, wakatabasamu, kama watu wanavyomtazama mtu aliyewaletea habari njema. Yeye hakugeuka. Nilimwona kwa nyuma tu. Kisogo changu sijawahi kukiona, hakuna mtu aliyewahi kukiona chake, lakini nilikitambua. Alikuwa amevaa shati jeupe, suruali ya kijivu. Shati ni langu. Asubuhi nililitafuta nikalikosa. Aliweka kidole kwenye mashine ndogo iliyokuwa mlangoni, mashine ikalia, akaingia.

Muuza chapati aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nahesabu.

Saa sita na nusu walitoka. Niliwatazama mmoja mmoja. Yeye hakutoka, au alitoka kwa mlango mwingine. Saa saba kasoro dakika tano Madamu Edina alivuka barabara, akauliza ni nani hapa kaka yake Lukumani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema kijana wangu ana adabu ambayo hajapata kuiona. Nikaipokea kwa mikono miwili. Maswali themanini!

Nilifungua. Penseli, mikia mirefu: Kaka, wametuapisha tusitoe maswali nje. Nimeapa.

Ameapa! Mimi mwenyewe najinyima maswali mimi mwenyewe! Nimefanya kazi na watu waongo kwa miaka kumi na sita, na siku ninayohitaji mmoja, naletewa mtoto wa madrasa!

Nilijipa moyo. Nina akili, nina miwani, nitafanya kwa uwezo wangu. Saa nane kamili nilikuwa kwenye foleni ya alasiri, nyuma ya Dastani aliyekuwa akipiga mluzi. Dastani aliingia. Zamu yangu ikafika. Niliweka kidole.

Mashine ilinyamaza. Kisha ikawaka nyekundu.

Madamu Edina alinitaka nirudie. Nyekundu. Nilifuta kidole kwa leso, nikaweka cha mkono wa pili. Nyekundu. Alisoma kilichoandikwa, akanitazama, akasoma tena. Akasema: baba, kidole hiki kimekwisha kufanya mtihani asubuhi. Nilimwambia kwamba kidole hiki ni cha Mudrik, na Mudrik ndiye mimi. Akasema huenda, lakini mashine haimfahamu Mudrik. Mashine inasema vidole hivi ni vya Lukumani, na Lukumani amemaliza, ameondoka, na alikuwa kijana mwema. Akaniuliza kwa upole kwa nini nataka kumfanyia mtu mtihani kwa jina la kubuni.

Jina la kubuni!

Nilitoa cheti. Alikiinua kwenye mwanga, akanirudishia. Nyuma yangu kuna mtu aliyesema mzee, wapishe vijana. Mwingine akacheka. Mlango ukafungwa, nami niko nje, saa nane na dakika kumi na moja.

Nimekaa kwenye kibanda cha chapati mpaka wakatoka. Dastani alipita karibu yangu. Nilimwita kwa jina. Aliangalia huku na huku, kama mtu aliyesikia redio ya jirani, akaendelea na safari yake.


Jumanne, 29 Julai. Nachingwea.

Matokeo. Wa kwanza: Lukumani, alama tisini na tatu. Wa pili: Dastani, themanini na nane. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Mudrik, hakufika.

Sikufika! Nilifika mapema kuliko wote.

Bwana Alfred ametangaza kwamba kwa kuwa huyo Lukumani si mfanyakazi wetu, nafasi ni ya Dastani. Dastani alishangiliwa na vibarua. Akasema angependa kumshukuru Lukumani popote alipo, maana bila yeye asingejua asilimia mpaka kaburini. Hakunitaja.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikatafakari kwa saa mbili na dakika ishirini.

Mfumo unasema vidole vyangu ni vya Lukumani. Lukumani amefaulu. Cheti chake ninacho. Kwa hiyo nafasi si ya Dastani. Ni ya Lukumani, na hakuna anayeweza kuwa Lukumani kwa urahisi zaidi yangu mimi.


Alhamisi, 31 Julai.

Nimekula kiapo kwa wakili. Karani wake alichapa maneno niliyoyatunga mwenyewe: kwamba mimi ndiye Lukumani niliyezaliwa Ruponda, kwamba jina la Mudrik nililitumia kwa muda, nimeliacha, na halinihusu tena. Wakili aliuliza kama nina uhakika na neno halinihusu. Nilisema ndilo kiini cha hati. Muhuri. Sahihi. Mkono uliandika L yenye mkia mrefu bila kuniuliza.

Bwana Alfred aliisoma hati mara moja, akaona muhuri, akasema kumbe, basi hongera sana Lukumani. Dastani, badala ya kupinga, alinikumbatia kwa nguvu. Aliniuliza mbona siku hizi simchekeshi. Nilijaribu kucheka. Alionekana kuridhika.

Tangu saa tano hakuna aliyeniita Mudrik, hata kwa kukosea. Si vibarua, si mama wa mihogo aliyenijua miaka kumi na sita. Nilitarajia usumbufu wa wiki mbili tatu. Wamejipanga vizuri mno.

Jioni nilimpigia Mama kwa simu mpya niliyompelekea. Aliitika haraka. Alilitamka jina lile, mwenyewe, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa na meno ya utotoni. Aliuliza kama nimekula. Aliuliza kama maji ya huku ni matamu. Kisha akasema, akishusha sauti: yule mwingine, mwanangu, mwenye miwani, akija huko usimfungulie.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.


Jumamosi, 2 Agosti.

Barua ya chuo ilifika jana asubuhi. Kabla ya kupokelewa, mshindi atafanya usaili wa mdomo Ruangwa, mbele ya jopo la watu watano. Dastani naye ameitwa kama mbadala, iwapo wa kwanza atashindwa. Ameanza tena kupiga mluzi.

Usaili ni wa siku mbili. Jumatatu tarehe 18 ni kwa waliokosa mtihani kwa sababu za msingi na kukata rufaa. Jumanne tarehe 19 ni kwa waliofaulu, yaani mimi. Nimemuuliza Felomena. Asema jopo ni lilelile, na maswali, kadiri anavyojua, ni yaleyale.

Hapo ndipo nilipong'amua. Mudrik alikosa mtihani. Sababu yake ni ya msingi kabisa: alizuiwa mlangoni. Na kwa sasa hana shughuli yoyote; hana kazi, hana mama, hana hata kidole. Cheti chake kipo kwenye bahasha. Anaweza kutangulia Jumatatu, asikilize maswali, aniletee Jumatatu hiyohiyo jioni.

Kosa la mara ya kwanza nimelichambua kikamilifu. Nilimtumia mtoto, na mtoto ni mwaminifu kupita kiasi. Mudrik ni mtu mzima, ameishi miaka thelathini na moja akijua dunia ilivyo. Hatakuwa na tatizo la viapo. Nimemwandikia rufaa nzuri, kurasa mbili, na jana saa tisa Felomena aliituma.

Leo nilipopita, Felomena alinifuata hadi barazani. Alisema kaka yangu mwenye miwani amekwisha kuja, saa nne asubuhi, kuchukua nakala ya fomu yake. Amevaa viatu. Hakumsalimu mtu. Alisimama muda mrefu mbele ya kompyuta ya tatu bila kuigusa, kisha akauliza Lukumani anakaa mtaa gani, chumba cha ngapi, na kama mlango wake una komeo la ndani.

Felomena hakumjibu; alisema macho ya mtu yule hayakumpendeza. Nimemkaripia kidogo. Nimemwandikia anwani yangu yote kwenye karatasi, pamoja na namba ya chumba na ramani ndogo, ampe mara atakaporudi. Mshirika lazima ajue mahali pa kuleta maswali.